Zamu ya Bibi Velika

Watu wa Mezdra, mji mdogo wa Bulgaria, wakitaka kusema mtu fulani ni mkaidi, husema, "Huyo ni Velika wa getini." Mwenyewe Velika bado yu hai, ila siku hizi ukimuuliza Velika ni nani atakutazama kwa adabu na kukuambia hamjui, labda ukaulize ghorofa ya pili.

Alikuwa mlinzi wa geti la reli. Zamu zake alizifanya kwenye kantoni, kinyumba cha mlinzi kando ya reli, nje kidogo ya mji, pale barabara ya mashambani inapokatiza njia ya treni zitokazo Sofia. Stesheni ikipiga simu kwamba treni imeondoka, alishusha geti, akasimama wima kando ya njia na bendera yake ya manjano iliyokunjwa, mpaka behewa la mwisho lipite. Kisha alipandisha geti na kurudi kwenye maharagwe yake jikoni. Wakati wa utawala wa chama cha kikomunisti, bwana mkubwa mmoja alimpigia honi geti likiwa limeshuka, akapaza sauti kwamba ana haraka. Velika akamjibu, "Hata treni ina haraka, ndugu, na yenyewe ni nzito kuliko wewe." Huo ndio mwanzo wa ule usemi.

Kazi ile ilikuwa na sharti moja kubwa. Mlinzi haondoki getini mpaka mwenzake afike, aishike bendera kwa mkono wake mwenyewe na kutamka, "Nimepokea." Mwenzako akiumwa, akilewa rakia, akizaa, unakesha palepale. Binti yake wa pekee, Snezhana, alikua akimpelekea mama yake chakula getini kwenye bakuli lililofunikwa sahani, na aliichukia reli kwa moyo wake wote.

Halafu likaja geti la umeme. Mafundi walifunga taa na kengele, wakajipangusa mikono, wakaenda zao. Hakuna aliyekuja kumpokea Velika. Alisimama pale siku nzima hadi jua likatua, mumewe akaja kumvuta mkono kama anavyovutwa mbuzi, na Velika akaondoka na bendera yake. Kwa miaka mingi alilisimulia jambo hilo kama kichekesho kila palipokuwa na wageni. "Mimi sijastaafu," alikuwa akisema. "Bado nangoja wa kunipokea." Watu walicheka mpaka machozi. Mumewe alipofariki alihamia ghorofa moja mjini, bendera akaiegemeza nyuma ya mlango pamoja na miavuli, na hakuna aliyeifikiria tena.

Kusahau kulianza na chumvi. Alitia chumvi mara mbili, kisha mara tatu, kisha akaacha kutia kabisa na kuapa ametia. Baadaye akaanza kupotea. Januari moja polisi walimkuta kwenye kituo cha basi upande mwingine kabisa wa mji, amevaa ndala za nyumbani kwenye theluji, fimbo yenye kitambaa kwapani. Wazee hubeba vitu. Hakuna aliyeuliza fimbo ile ni ya nini.

Wakati huo Snezhana alikuwa Modena, Italia, akimwogesha na kumlisha bibi mmoja wa Kitaliano ambaye naye alikuwa hajui leo ni Jumanne au ni Pasaka. Mganga hajigangi. Snezhana alilea mama wa watu ili apate cha kumlisha mama yake, na mama yake akaachwa mikononi mwa mjukuu, Zornitsa, msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba, anayetafuna kucha, mwanafunzi wa umeme katika shule ya ufundi. Asubuhi Zornitsa akiwa shuleni, jirani yao mama Donka alikaa na bibi, akitazama televisheni na kuisuta.

Usiku ule wa ndala na theluji Snezhana alipiga simu ya video. Bibi Velika alikitazama kioo cha simu, akamgeukia mjukuu wake.

"Mwambie huyo mama sinunui kitu."

"Bibi, huyo ni mama. Ni Snezhana, mwanao!"

"Snezhana yuko shuleni. Mwambie aende kwa jirani, Donka hununua kila kitu."

Kwenye kioo Snezhana alifuta uso kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti kavu, "Zori, nisikilize. Akipotea tena, mara moja tu, nampeleka nyumba ya wazee kule Vratsa. Nafasi nimeshaulizia. Sitaki kupigiwa simu nikiwa hapa kwamba mama yangu ameganda barabarani."

"Hatapotea," alisema Zornitsa.

"Utamlinda na nini, na madaftari yako?"

Hilo lilimchoma. Zornitsa alikuwa na bibi tangu mama yake alipopanda basi la Italia. Bibi ndiye aliyemfunga kamba za viatu, ndiye aliyemtolea mba na chawa. Hakuwa tayari kumwona amekaa kwenye korido ya watu wengine, amevalishwa sweta la mtu mwingine. Basi akaenda kwa Momchil.

Momchil alikuwa kijana mnene mwenye akili nyingi na maneno mengi zaidi, waliyekaa naye dawati moja. Alikuwa na gereji ya marehemu babu yake, iliyojaa vyuma mpaka mlangoni. Mule ndani wawili hao walitengeneza kidude kidogo kama kifungo cha koti, kinachosema mahali kilipo, na nukta ya kijani ikaonekana kwenye ramani ya simu. Kwanza wakakitia kwenye saa. Bibi Velika aliivaa, akaisifu, akaivua, akaitumbukiza kwenye pipa la kabichi ya kuchachusha. Ramani iliapa kwa juma zima kwamba bibi hajatoka barazani.

"Hongera, injinia," Momchil alisema. "Tumevumbua kabichi isiyopotea."

Wakashona cha pili ndani ya koti. Bibi akatoka bila koti. Cha tatu wakakificha kwenye mkufu wenye msalaba. Akampa mama Donka kama zawadi ya sikukuu ya mtakatifu wa jina lake, na mama Donka, aliyeupenda, alikataa kuurudisha. Hivyo Zornitsa alijua kila siku mama Donka yuko wapi. Hilo halikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Wazo lilikuja mwishoni mwa Februari, wakati vibanda vya sokoni vinapojaa martenitsa, zile nyuzi nyekundu na nyeupe zilizosokotwa pamoja. Mama Donka alikuwa anamfungia bibi ya kwake ya majaribio, akamwambia atamfungulia kisha amfungie tena siku yenyewe, tarehe mosi. Bibi Velika akarudisha mkono wake kwa nguvu.

"Haifunguliwi!" alisema. "Unataka kunitia mkosi, we mwanamke?"

Zornitsa akamtazama Momchil, aliyekuwa amekuja kumsaidia, na Momchil akamtazama Zornitsa. Mwanamke huyu alikuwa amesahau sura ya mwanawe na kipimo cha chumvi, lakini uzi wa Machi hakuusahau. Mbulgaria gani anayeuvua uzi wa Machi mapema? Hata mlevi havui, hata profesa asiyeamini kitu havui.

Wakakisokotea kidude ndani ya uzi, katikati ya vishada viwili, chekundu na cheupe. Tarehe mosi Machi Zornitsa alimfunga bibi yake mkononi, akamtakia afya kama desturi ilivyo. Bibi akambusu paji la uso.

"Na wewe pia, binti. Wewe ni wa nani vile?"

Uzi ulikaa. Bibi alioga nao, akalala nao, akakanda unga nao. Mara mbili alitoroka, na mara zote mbili Zornitsa alimfuata nukta kwa nukta, akamdaka kabla hajafika sokoni. Mwalimu wao akachangamka, akawaandikisha kwenye mashindano ya wavumbuzi vijana Sofia, mwisho mwisho wa Machi. Snezhana alipoambiwa alisema tu, "Haya, tutaona." Lakini habari za Vratsa alizinyamazia, na Zornitsa akaanza tena kulala usingizi mzito.

Siku ya mashindano walipanda treni ya asubuhi. Mama Donka aliachiwa bibi, supu na maagizo mengi kuliko supu.

"Mtoto we, nimelea wanne," alisema mama Donka. "Nenda kashindane huko."

Ukumbini walimulika ramani ya simu kwenye kitambaa kikubwa, nukta ya kijani ikiwa imetulia juu ya ghorofa yao kule Mezdra. Majaji walikuwa watatu. Zornitsa alieleza, Momchil akieleza zaidi ya alivyoulizwa. Na katikati ya maelezo, mbele ya watu wote, nukta ikaanza kutembea.

Ukumbi ukashangilia. Waliona ni sehemu ya maonyesho. Zornitsa alitoka kando akampigia mama Donka.

"Yupo, amelala," alisema mama Donka.

"Kamwangalie."

"Nakwambia amelala, nimeufunga mlango kwa... Mungu wangu! Mungu wangu, Zori! Hayupo!"

"Usilie. Namwona. Anaelekea upande wa mtoni. Mwite mpwa wako, washeni gari, mfuateni!"

Kwa kweli wakati ule hakuogopa. Ilikuwa kama mara zile mbili. Nukta ilipita soko, ikapita karakana, ikashika barabara ya mashambani. Safari hii bibi hakuyumba njiani wala hakurudi nyuma. Alikwenda moja kwa moja kama mtu aliyechelewa kazini. Kisha nukta ikasimama, karibu kabisa na reli, na haikusogea tena.

"Mnaona?" Momchil aliwaambia majaji, akinyoosha mkono. "Amepumzika. Gari litamkuta palepale."

Majaji walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye miwani, alimtazama Zornitsa mkononi, akatabasamu.

"Binti, na wewe bado umevaa martenitsa yako? Kule kwenu plamu hazijachanua bado? Mimi yangu nimeshaifunga mtini tangu jana."

Watu walicheka. Zornitsa naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Kila mtoto wa nchi ile anajua. Uzi wa Machi huvaliwa mpaka uone korongo wa kwanza au mti wa kwanza uliochanua. Ukiuona, unauvua uzi na kuufunga kwenye tawi. Walikuwa wameuchagua uzi ule kwa sababu bibi hawezi kuuvua, na wote wawili, pamoja na mwalimu wao, walisahau kwamba ipo siku ni lazima auvue. Walisahau kwa sababu kila mwaka huvua bila kufikiri, kama mtu anavyovua kofia akiingia kanisani. Ile nukta iliyotulia haikuwa bibi tena.

"Momchil," alisema. "Ule ni mti."

"Mti gani?"

"Tunaangalia mti, mjinga wewe! Ameufunga mtini! Yeye hayupo pale!"

Momchil alishusha mkono. Zornitsa alishika simu kwa mikono miwili. Reli ilikuwa pale, na mto Iskar chini yake, umejaa theluji iliyoyeyuka. Simu ikalia kabla hajapiga.

"Zori," mama Donka alikuwa anahema. "Tumefika kwenye kantoni ya zamani. Plamu imechanua yote nyeupe, na uzi wako unaning'inia kwenye tawi. Bibi yako simwoni."

"Tazama getini."

"Geti gani? Siku hizi ni... Ngoja. Ngoja! Huyooo! Yuko nyuma ya kile kinyumba, amesimama kando ya njia kama askari. Ana fimbo. Velika! We Velika!"

Zornitsa alikaa chini palepale kwenye sakafu ya ukumbi. Lakini simu haikukatwa, na alisikia yaliyofuata. Alisikia mama Donka akibembeleza, kisha akifoka. Alisikia mpwa wa mama Donka akisema "twende bibi, twende nyumbani," kisha akisema "aii!" kwa sababu alipigwa fimbo.

"Haondoki," mama Donka alirudi kwenye simu. "Anasema yuko kazini. Tumemvuta, amemchapa kijana wa watu. Nimeshampigia mama yako, mwanangu, nisamehe, nilichanganyikiwa. Amesema basi, yameisha. Kesho anawapigia Vratsa."

Zornitsa hakulia. Alichukua koti lake, akamwachia Momchil ramani, majaji na nukta, akakimbilia stesheni. Majaji waliwapa karatasi ya shukrani, ambayo Momchil baadaye aliitumia kupangusia mafuta.

Treni ya mchana hupita bonde la Iskar polepole. Zornitsa alisimama dirishani njia nzima, paji la uso likigonga kioo. Alikuwa amepita pale mara nyingi tangu utotoni, na siku zote aliangalia upande wa mto, kwa sababu upande ule mwingine kulikuwa na kinyumba kibovu tu. Safari hii alitazama upande wa kinyumba. Geti la umeme lilikuwa limeshuka, kengele inalia. Mama Donka na mpwa wake walikuwa wameketi kwenye gari, wamekata tamaa. Na bibi yake alikuwa amesimama kando ya njia, mgongo umenyooka, mkono mmoja pajani, bendera ya manjano iliyokunjwa imesimama wima kifuani, akiyatazama mabehewa moja baada ya jingine kwa macho makali. Zornitsa hakuwahi kumwona hivyo. Yeye alimjua bibi wa chumvi na ndala. Dereva wa treni, bila shaka kijana asiyemjua, alipiga honi fupi kumwamkia, kama madereva walivyokuwa wakifanya zamani.

Kutoka stesheni alirudi kwa miguu, nusu akitembea nusu akikimbia. Alipofika jua lilikuwa bado juu ya kilima.

"Afadhali umekuja," alisema mama Donka. "Labda wewe atakusikia. Mwambie wewe ni mjukuu wake."

Zornitsa alimsogelea. Midomo ya bibi ilikuwa imekuwa ya bluu kwa baridi.

"Bibi, ni mimi. Zori. Twende nyumbani."

"Simjui Zori," alisema bibi Velika bila kugeuka. "Sogea nyuma ya alama, msichana. Hapa si mahali pa kuchezea."

"Bibi, umechoka."

"Nimechoka kweli. Nimesimama mno leo." Sauti ilimshuka. "Lakini hakuna aliyekuja kunipokea. Wamesema watamleta mtu, hawajamleta. Nitaachaje geti?"

Ndipo kile kichekesho cha wageni kilipomrudia Zornitsa, neno kwa neno, na vicheko vyake vyote. Aliona aibu kwa kila mara aliyocheka. Alifuta pua kwa mkono wa koti, akafunga vifungo vyake mpaka juu, akasimama mbele ya bibi yake, mikono imenyooka.

"Mimi ndiye niliyeletwa," alisema. "Nimekuja kukupokea zamu."

Bibi Velika akamgeukia. Akamkagua kuanzia viatu.

"Wewe? Umechelewa."

"Nimechelewa. Samahani sana."

"Unajua kazi?"

"Unanielekeza."

"Treni ya Vidin imepita. Ya mizigo inakuja jioni, ile huwa ndefu, usipandishe geti mapema. Magari ya shambani yatakupigia honi, waache wapige. Mume wangu akija mwambie nimeshatangulia." Aliinua bendera kwa mikono miwili, akamkabidhi. Hakuiachia. "Sema."

"Nimepokea," alisema Zornitsa.

Vidole vya bibi vikafunguka. Alitembea mwenyewe mpaka garini, akaingia kiti cha nyuma, akalala kabla mlango haujafungwa. Mama Donka alikuwa akilia waziwazi, na mpwa wake alijifanya anatafuta kitu chini ya usukani.

Jioni ile Snezhana alipiga simu, na hakuwa na salamu.

"Nilisema nini, Zori? Nilisema mara moja tu."

"Hakupotea, mama."

"Usinichezee! Mto uko pale. Treni ziko pale!"

"Hakupotea. Alikwenda kazini. Kila siku anapotoka huwa anakwenda kazini, ila njia zimebadilika akawa hafiki. Leo amefika. Na hakukubali kutoka mpaka nilipompokea zamu."

"Ulifanya nini?"

"Nilimpokea zamu. Nilishika bendera nikasema nimepokea. Akaniachia, akaja nyumbani."

Kule Modena kiti kilivutwa. Kisha Snezhana akaongea, na sauti haikuwa ileile.

"Mwenzake akishapokea, alimrudishia bendera yake, na nyumbani ilikaa msumarini," alisema. "Nikitoka shule naangalia msumari kwanza. Ikiwepo, mama yupo. Isipokuwepo, nachukua bakuli nampelekea chakula. Kuna siku wenzake hawakuja usiku na mchana. Nilimwambia, mama, acha tu, nani atajua? Akanizaba kibao." Akapenga kamasi. "Nipe mpaka Pasaka nifikirie. Vratsa watangoja."

Kwa hiyo wakawa na muda mpaka Pasaka, na uzi haukuwepo tena, kwa maana ukishaufunga mtini mwaka huo umekwisha.

"Tuna kifaa kinachofanya kazi mwezi mmoja kwa mwaka," alisema Momchil. "Hata muuza aiskrimu anatushinda, yeye hufanya kazi kiangazi kizima."

"Acha kumfuata," alisema Zornitsa. "Siku zote tunamfuata akishatoka. Alipokuwa kazini, nani alimwambia afanye nini?"

"Stesheni. Kwa simu."

Wote wawili wakageuka kutazama rundo la vyuma vya marehemu babu. Simu moja kuukuu ya reli ilikuwa chini kabisa, nyeusi, nzito kama pasi ya mkaa, mkonga wake umepasuka. Waliisafisha, wakaitoa utumbo wa zamani na kuipa mpya. Waliifunga ukutani sebuleni. Kando ya mlango Zornitsa alipigilia msumari, akaitundika bendera, na kwenye msumari wakaweka swichi ndogo. Bendera ikiinuliwa, simu inalia.

Jaribio la kwanza liliharibika. Walikuwa wamerekodi sauti ya Momchil aliyeikoroga iwe nzito. Bibi aliinua bendera, simu ikalia, akasikiliza, akakata.

"Mlevi," alisema, akashika kitasa.

Sauti ya Zornitsa nayo ilikataliwa. "Nani ameweka mtoto stesheni?" Ilitakiwa sauti ya mtu mzima, yenye kujibu ikiulizwa. Mama Donka alijitolea, lakini aliongea mno, na bibi akamwambia aache kushikilia laini.

Zornitsa alimweleza mama yake usiku huo, kwa kumchekesha tu. Snezhana hakucheka.

"Unaweza kuifanya ilie hadi huku?" aliuliza. "Akiinua bendera, iniite mimi?"

Iliwezekana, na kwa Momchil haikuwa hata kazi ya jioni moja.

Siku iliyofuata, supu ikiwa mezani, treni ya mizigo ilisikika mbali bondeni. Bibi Velika aliweka kijiko, akainuka, akatoa bendera msumarini. Simu nyeusi ikalia ukutani. Akasimama, akanyoosha gauni lake, akanyanyua mkonga.

"Kantoni ya chini, Velika anaongea."

"Stesheni hapa," sauti ilisema. Zornitsa, aliyesimama mlangoni mwa jikoni, aliisikia vizuri, na alisikia inavyojikaza. "Velika, umepokewa zamu. Unaweza kupumzika."

"Nani amenipokea?"

"Msichana. Zornitsa."

"Aa, yule mwembamba. Huchelewa, lakini ana adabu." Bibi Velika aliirudisha bendera msumarini kwa mkono wa pili. Hakukata simu. Tangu ugonjwa ule uanze, hakuwahi kuongea na binti yake zaidi ya kumfukuza. "Na wewe, mwanangu? Mbona sauti yako imechoka hivyo? Wamekuwekea zamu ndefu?"

"Ndefu kidogo."

"Umekula?"

Kule Italia sahani iligongana na kitu.

"Bado."

"Nenda kale," alisema bibi Velika, akavuta kiti kwa mguu, akakaa, mkonga sikioni. "Mimi nimeshapokewa. Nakungoja."